Mchezo wa Tano Nyuma ya Klabu ya Zamani

Kidole changu cha kati, mkono wa kulia, hakinyooki. Mke wangu huwaambia wageni kwamba niliumia kiwandani, nami humwacha aseme hivyo, kwa sababu kueleza ukweli kungenilazimu kueleza mchezo wenyewe, na mchezo ungenifikisha kwa watu ambao kwa miaka mingi nimekwepa kuwazungumzia. Leo nitawazungumzia.

Niliteremka kutoka Mgeta nikiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kidato cha nne, nikapata ukarani wa stoo katika kiwanda cha magunia na kamba za katani, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Kiwanda kilikuwa mali ya umma. Kilijengwa juu ya shamba la zamani la mkonge la Waingereza, na hao Waingereza walipoondoka waliacha jengo la klabu yao, ambalo sisi tulilifanya kantini. Nyuma ya kantini kulikuwa na kitu ambacho miezi mitatu ya kwanza nilidhani ni nyumba iliyomshinda mtu kuimaliza: kuta tatu za saruji, hazina paa, upande wa nne uko wazi.

Siku moja, king'ora cha saa tisa na nusu kimeshalia na watu wanatawanyika, nikasikia mlio kutoka huko. Pa. Kimya kidogo. Pa. Nikazunguka kantini. Mtu mzima, mvi kichwani, amevaa kaptura ya kazi na glavu mikono yote miwili, alikuwa anapiga kimpira kidogo ukutani kwa kiganja. Kinarudi, anakipiga tena, safari hii kwa mkono wa kushoto. Nilimfahamu. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo, mtu wa Songea, ambaye kiwanda kizima kilimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana. Nimesikia mlio."

"Basi usisimame hapo. Mpira huu ukikupata jichoni, mama yako hatanielewa."

Nikasogea. Akavua glavu ya kulia, akanirushia. Ilikuwa nzito, ngozi ngumu nje, ndani imeshonewa sufi. Nikaivaa, nikaupiga mpira mara moja, nikaruka. Ulikuwa mgumu kama kokwa ya fenesi iliyokauka. Fundi akacheka mpaka akashika magoti.

"Unaitwaje mchezo huu?" nilimuuliza.

"Waingereza wanauita faivzi. Maana yake tano."

"Tano zipi?"

Akaninyooshea mkono, akatanua vidole. "Hizi hapa. Wapo wanaosema sababu nyingine, lakini mwalimu wangu alisema ni hizi, na sijakutana na mtu wa kunibishia."

Aliujifunza akiwa kijana katika shule ya ufundi ya wamisionari wa Kiingereza, huko kusini. Mkuu wa shule aliwajengesha wanafunzi kiwanja cha namna hiyo kama zoezi la uashi, kisha akawafundisha kukitumia. Fundi alinieleza asili ya mchezo kama alivyoelezwa. Huko Uingereza, wanafunzi wa shule moja walikuwa na kawaida ya kupiga mpira kwenye ukuta wa kanisa, katika upenyo kati ya nguzo mbili nene zinazouegemeza ukuta. Mahali penyewe palikuwa pabaya. Sakafu ina kidaraja, nusu ya nyuma ikiwa chini kidogo ya ile ya mbele, ukuta una ukingo uliojitokeza, na upande wa kushoto linatokeza pande la ngazi. Lakini walipokuja kujenga viwanja rasmi vya mchezo huo hawakutafuta ukuta mnyoofu. Walijenga vikwazo vyote vilevile, kidaraja, ukingo na pande la ngazi, mpaka leo.

"Hata huku Morogoro?" nilishangaa.

"Tazama mwenyewe," alisema. Nikatazama. Kweli, kile nilichodhani ni uashi mbovu kilikuwa kimejengwa kwa makusudi.

Nitaeleza sheria kwa ufupi, maana nadhani hapa Morogoro hakuna tena wa kuzieleza. Mnacheza wawili kwa wawili. Unaupiga mpira kwa mkono wowote, kwa kiganja au kifundo, ugonge ukuta wa mbele juu ya ukingo. Ukigonga chini ya ukingo, umekosa. Mpira uliorudi unaruhusiwa kudunda mara moja tu kabla mpinzani hajaupiga. Kuta za pembeni mnazitumia mnavyotaka. Na lile pande linalotokeza kushoto ndilo roho ya mchezo. Mpira ukilipata unakwenda linakotaka lenyewe: unaweza kufia palepale miguuni pako au ukaruka hadi nje. Sisi tuliliita Mjomba. Mimi ndiye niliyelipa jina hilo. Kwetu Uluguruni mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya shamba na ndoa, na huwezi kujua kaamkaje.

Kuna jambo moja lililonichekesha siku ya kwanza. Anayeanzisha harushi mpira ili amshinde mwenzake. Anaurusha polepole, ugonge mbele, kisha kulia, udondoke pale mpokeaji anapoutaka. Mpokeaji asipoupenda anauacha upite, anarushiwa mwingine. Anaweza kuuacha hata mara kumi.

"Sasa mtu atashindaje akimpa mwenzake anachotaka?" nilimwuliza Fundi.

"Kwanza unampa anachotaka. Halafu ndiyo mnapambana."

Na hakuna refa. Aliyegonga chini ya ukingo anasema mwenyewe "Chini!" kwa sauti, hata kama wengine hawakuona. Fundi hakuniwekea hotuba juu ya hilo. Alilitamka kama alivyotamka urefu wa ukingo, akaendelea.

Mwaka wa kwanza tulikuwa wawili. Mkono wangu ulivimba, ukapona, ukavimba tena, na kidole hiki kiliteguka siku niliyojaribu kuupata mpira uliokuwa umeshafika kwa Mjomba. Kisha akaja dada mmoja wa idara ya ufumaji, mtu wa Turiani, mfupi, mwenye mdomo mkali. Alikuwa anapita kwenda kantini, akasimama, akatuangalia kwa muda akiwa ameshika kiuno.

"Wanaume wazima mnaupiga ukuta makofi," alisema. "Umewakosea nini?"

Fundi akamrushia mpira. Akaudaka kwa mkono wa kushoto. Fundi akanigeukia, akanikonyeza. Katika mchezo unaotaka mikono yote miwili, mwenye shoto ni mali. Kesho yake alikuja amevaa suruali ya kazi na khanga imefungwa kiunoni, na wiki nzima kiwanda kikapata la kusema. Baadhi ya wanawake wa ufumaji waliacha kumsalimu. Yeye akasema anayetaka kumsema aje amsemee kiwanjani, mpira ukiwa hewani.

Wa nne alikuwa Afisa Utumishi. Alinizidi miaka michache, amesoma chuo kikuu, kazaliwa Dar, na lugha yake ilikuwa ya vijana wa huko, hata akiwa amevaa tai. Yeye alinifanya nijione mtu. Karani wa stoo hana kawaida ya kuitwa "patna" na mtu mwenye ofisi yenye zulia. Tukagawanyika: Fundi na Dada upande mmoja, mimi na Afisa upande wa pili. Tulicheza hivyo miaka sita, karibu kila siku ya kazi, ila mvua ikiteremka kutoka mlimani na kugeuza sehemu ya chini ya kiwanja kuwa mfereji.

Nataka kuwa mkweli juu ya Afisa. Miaka yote sita sikumwona hata mara moja akificha kosa. Alikuwa anasema "Chini!" kabla hata mpira haujatulia. Mara nyingine nilimkasirikia, maana ni pointi zetu alizokuwa anazitupa, na mimi nilikuwa nimeona wazi kwamba Dada na Fundi hawakuona. Nimejiuliza mara nyingi mtu anawezaje kuwa hivyo kati ya kuta tatu, halafu akivuka barabara akawa mwingine. Sijapata jibu. Afadhali angekuwa mwizi kiwanjani pia. Ningekuwa nimejifunza mapema.

Glavu zote alizishona Fundi. Karakana ilikuwa na lundo la takataka nyuma yake, na humo kulikuwa na mikanda ya ngozi ya mashine za zamani, iliyochanika, isiyoweza kuvuta kitu chochote duniani. Fundi aliikata vipande, akaishona kwa uzi wa katani, akajaza sufi. Mipira aliitengeneza kwa kizibo cha chupa, akakizungushia uzi na mpira wa tyubu kuukuu, akakivisha ngozi. Alikuwa anafanya kazi hiyo saa ya chakula, mlango wa karakana uko wazi, kila mtu anaona. Afisa, glavu zake zilipoanza kulegea, alikwenda mwenyewe karakana, tai shingoni, kuomba jozi mpya. Fundi alimpima vidole kwa uzi kama fundi cherehani.

Halafu vikaja viroba.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kilianza kuingia. Mjini maduka yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, na mimi nilifurahi kama wengine. Nilinunua redio. Nilinunua mashati ya mtumba ambayo yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuvaa. Sikujua kwamba katika mzigo huohuo ulioleta mashati yangu kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyofumwa, myepesi, rahisi, haiozi. Wenye mpunga wa Turiani wakaanza kutumia viroba. Wakulima wa kwetu Mgeta waliokuwa wakifunga kabichi kwa kamba zetu wakahamia kamba za manila. Kamba zetu zilikuwa nzuri. Lakini stoo niliyoitunza ilianza kujaa, ikajaa, mpaka magunia yakapangwa kwenye veranda ya kantini, panya wakahamia humo.

Wakaja wageni na magari, wakatembezwa. Ikasemwa kiwanda kitauzwa kwa mwekezaji. Siku moja tulikuta watu wawili kiwanjani kwetu wanavuta futi kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mnapima nini, wanangu?" Fundi aliwauliza.

"Ghala, mzee. Hapa pakiezekwa patafaa ghala."

Fundi aliwangoja wamalize, akawaaga vizuri, akavaa glavu. Siku ile alicheza vibaya. Dada alimfokea, ingawa si kawaida kumfokea mtu wa umri wake.

Wiki chache baadaye Afisa aliniita ofisini. Alifunga mlango mwenyewe. Akaniuliza habari za nyumbani, akaniagizia chai.

"Patna, mambo yamekuwa magumu," alisema. "Mwekezaji anataka nusu ya watu waondoke. Orodha naitengeneza mimi. Wewe nimekuweka upande wa wanaobaki."

Nikamshukuru. Naona aibu kuandika kwamba nilimshukuru, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimshukuru mara mbili.

"Kuna kitu kimoja tu kidogo," akaendelea. "Fundi."

"Fundi naye anaondoka?"

"Fundi ana miaka mingi hapa. Watu kama yeye, kuwaondoa kwa utaratibu wa kawaida ni kulipa kiinua mgongo kikubwa. Mwekezaji hataki." Akasukuma karatasi mezani. "Wewe ndiye mwenye stoo. Hapa panasema tu kwamba ngozi ya mikanda na tyubu vilitumika bila hati yoyote ya stoo. Si kweli?"

Nikaisoma. Nilisoma yote, kutoka juu hadi chini, na nikarudia. Ilisema kwamba fundi mkuu wa mitambo, kwa kipindi kirefu, amechukua mali ya kiwanda na kuitengenezea vitu vya matumizi binafsi. Haikusema kwamba ni glavu. Haikusema lundo la takataka. Na haikusema kwamba jozi moja ya hivyo vitu vya matumizi binafsi ilikuwa kwenye droo ya meza ileile niliyoegemezea kiwiko.

"Lakini ile ni takataka," nilisema.

"Kuna hati inayosema ni takataka?"

"Hakuna."

"Basi." Akanipa kalamu. "Sikulazimishi, patna. Ila ukitoka humu bila kusaini, sijui nitamwambia nini mwekezaji kuhusu stoo. Ataniuliza, mwenye stoo alikuwa wapi miaka yote?"

Nilitaka kusema kwamba nilifikiria sana. Sikufikiria sana. Nilifikiria kota yangu ya chumba na sebule, na kwamba nilikuwa nimekusudia mwaka ule kwenda Turiani na wazee wangu kumposa Dada. Nilifikiria kurudi Mgeta na kubeba kabichi kichwani kwenye ile njia ya kushuka hadi yanakosimama malori, mbele ya watu walioniona nikiondoka na sanduku. Nikasaini. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jioni ya siku ile nilikwenda kiwanjani kama kawaida. Kutokwenda kungeonekana. Afisa hakuja, alituma salamu kwamba ana kikao. Tukawa watatu, tukawa tunapiga tu bila kuhesabu. Baadaye Dada alienda kunywa maji, Fundi akaketi juu ya kidaraja cha kiwanja, akajifuta jasho.

"Mwanangu," alisema, "wewe uko karibu na Afisa. Hii orodha inayosemwa. Umesikia chochote kunihusu?"

Aliniangalia usoni. Hakuwa na hofu. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Sijasikia kitu, mzee."

"Haya," alisema. Akainuka. "Njoo basi, nikupigie za Mjomba. Bado huziwezi."

Alinirushia mipira mpaka kivuli cha mlima kikafunika kiwanja. Mingine niliiacha ipite kwa sababu sikuiona, na yeye akadhani naichagua, akawa anarusha tena polepole, palepale ninapopapenda.

Barua yake ilifika siku ya tatu. Haikuwa barua ya kupunguzwa kama za wengine. Ilikuwa ya kufukuzwa kwa utovu wa uaminifu, na kota aiachie ndani ya juma moja. Alikuwa ameishi kwenye kota ile muda ambao watoto wake wote walizaliwa, wakakua, wakaolewa na kuoa. Alikwenda ofisi ya Afisa, akaambiwa Afisa yuko Dar. Alikwenda chama cha wafanyakazi, wakamwambia alete ushahidi. Akauliza, ushahidi wa nini, wa takataka? Mwenyekiti wa chama mwenyewe alikuwa kwenye orodha na hakuwa na muda naye.

Niliona vitu vyake vikitolewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa stoo, na kutoka pale kota zinaonekana. Mkewe alikuwa anakunja godoro. Watu wa kota za jirani walisaidia kubeba, Waislamu na Wakristo, hata wale waliopata barua zao siku ileile. Mimi nilikuwa na funguo za stoo mkononi, nikajiambia siwezi kuiacha stoo wazi.

Dada naye alikuwa amepunguzwa. Alikuja stoo siku hiyohiyo mchana. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti.

"Karani wa Afisa ni mtu wa kwetu Turiani," alisema. "Ameniambia karatasi ile ina sahihi ya nani."

Nikamwita kwa jina lake.

"Nilikuwa nasubiri uniambie si yako," alisema. "Sema tu. Nitakuamini."

"Ningefanya nini? Angeniondoa na mimi."

"Angekuondoa," alikubali. "Tungekuwa wanne tumeondoka. Hapana, watatu. Kumbe yule hakuwa wa kuhesabiwa." Akaniangalia kuanzia miguuni. "Na wewe nilikuwa nakuhesabu."

Aliondoka. Sikuwahi kupeleka posa, na nadhani alijua kwamba nilikuwa nimekusudia, kwa sababu hakuna kitu ambacho yule mwanamke hakukijua mapema.

Afisa aliporudi kutoka Dar aliniuliza kama tutacheza. Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii. Alikuja saa tisa na nusu, glavu mkononi, tukasimama wawili kwenye kiwanja cha watu wanne. Alipiga mpira wa kwanza chini ya ukingo, akasema "Chini!" kwa sauti safi kabisa. Nikavua glavu, nikaziweka chini, nikaenda zangu. Hicho ndicho kitendo pekee nilichofanya, na kilikuwa bure, maana hakuna aliyekiona isipokuwa yeye, na yeye alidhani mkono wangu unaniuma.

Mwezi uliofuata waliezeka. Walilivunja pande la kushoto ili wapate nafasi, wakaziba upande ulio wazi kwa matofali na mlango wa chuma. Nilidhani watahifadhi magunia yetu. Lori la kwanza lililoingia lilishusha marobota ya viroba. Mwekezaji alikuwa amegundua kwamba kuuza vya wengine kuna nafuu kuliko kufuma vyake. Mashine zikazimwa moja moja, nyingine zikafunguliwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, safari hii kwa hati. Kazi yangu, ile niliyoisainia, ilidumu miezi minane. Barua yangu aliisaini Afisa. Hakuniita ofisini. Yeye mwenyewe baadaye alikuwa meneja wa ghala, kisha akahamia Dar, na nasikia ana maisha mazuri. Hakuna lililompata. Ningependa kuandika kwamba kuna lililompata.

Nikarudi Mgeta. Mjomba wangu, mjomba wa kweli, alinipa kipande cha shamba kwenye mteremko mkali ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Nikalima kabichi, karoti na njegere, nikabeba kichwani mpaka barabarani, watu wakaniona. Si kitu kibaya kama nilivyokuwa nimeogopa. Nilichoogopa kiasi kile kilikuwa kazi ya kawaida ya watu wa kwetu, na sasa nimeifanya kwa miaka mingi kuliko nilivyowahi kuwa karani. Nilioa mwanamke wa kijiji cha jirani. Ni mke mwema, ana subira na ukimya wangu.

Miaka minne ilipita tangu Fundi afukuzwe kabla sijapata ujasiri. Nilisikia kwa madereva wa malori kwamba Fundi yuko Turiani, kwamba baada ya kufukuzwa alikwenda huko kwa sababu Dada alimtafutia kazi kwa ndugu yake mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikapanda basi. Nilibeba kapu la matunda damu, yale mekundu ya milimani kwetu, kwa sababu niliwahi kumsikia mkewe akiyasifu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Nilimkuta chini ya banda la mabati, mashine imezimwa, yeye amechuchumaa anafunga mkanda. Vumbi la pumba lilikuwa limemfunika kichwa hadi nyusi, na alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mzee."

Alinyanyua uso. Ilimchukua muda. "Marahaba," alisema. "Habari za Mgeta?"

"Nzuri, mzee. Nimekuja kukuona."

"Umefanya vizuri. Kaa."

Nikakaa juu ya kiroba cha mpunga. Aliniuliza juu ya wazazi wangu, mvua, bei ya kabichi. Alijibu maswali yangu juu ya mkewe, ambaye alikuwa anaumwa miguu. Kila nilipotaka kuanza yale maneno niliyoyapanga ndani ya basi, niliuliza jambo jingine la mpunga. Mwishowe akafuta mikono kwa kitambaa, akaniuliza yeye.

"Ile karatasi. Walikupa uisome, au walikuambia usaini tu?"

Nikaelewa anachonipa. Alikuwa amekaa miaka minne akiniwekea mlango mmoja wazi, kwamba mimi ni kijana wa shamba, kwamba niliwekewa karatasi na mkubwa wangu, nikasaini bila kujua. Nilikuwa na uwezo wa kuupita. Angeniamini, kwa sababu alitaka kuniamini.

"Niliisoma, mzee," nilisema. "Niliisoma mara mbili."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la fundi mwenzake kwamba mashine haitengenezeki. Nikaanza kusema nisamehe, nikasema sikuwa na amani tangu siku ile. Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa ameingia na mpunga wake kichwani, akautua, akapiga hodi akiwa ameshaingia.

"Fundi, unakoboa au umefunga?"

"Nakoboa, mama." Akainuka, mkono kiunoni. Akaniambia, bila hasira yoyote, "Basi la Morogoro linapita saa nane. Usichelewe."

Akawasha mashine. Mlio wake ulijaza banda lote, na hata kama ningepiga kelele asingenisikia. Nilikaa kidogo, nikimtazama anavyomimina mpunga na kusikiliza injini kwa kichwa kilichoinama upande, kisha nikaliweka kapu karibu na mlango, nikatoka.

Sikurudi tena. Alifariki mwaka mmoja baadaye, nami nilipata habari wakati ameshazikwa, kwa dereva mmoja wa yale malori, aliyedhani ananipa habari ya mtu nisiyemjua vizuri.